Kiingereza cha Madunguni

Kidato cha Pili B kilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, na kwenye kipindi cha Kiingereza wote walikuwa mabubu. Si mabubu wa kuzaliwa, tafadhali. Ukiwakuta saa nne kwenye mihogo ya kukaanga ungeziba masikio. Clinton peke yake aliweza kuigiza sauti ya mkuu wa shule, ya mtendaji wa kijiji na ya pikipiki iliyogoma kuwaka, zote kwa pumzi moja. Lakini Mwalimu Dativa akiingia na chaki yake na kuwasalimu kwa Kiingereza, waliitikia kwa pamoja, wakakaa, basi. Waliandika vizuri, wakajaza nafasi zilizoachwa wazi, wakapata kumi na saba na kumi na nane kwenye ishirini. Kufungua mdomo ndiko kulikowashinda. Kujibu mpaka wasukumwe, na kuuliza swali hawakuuliza hata siku moja, tangu Januari hadi mwisho wa Aprili.

Dativa alikuwa mtoto wa Mlabani, pale Ifakara mjini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, sekondari hiyo ya kata kule Mofu ilikuwa kituo chake cha pili cha kazi, na alikuwa na siri.

Siri yenyewe iliishi kwenye daftari lenye jalada la bluu. Kila jioni, kwenye chumba chake cha kupanga, aliandika kila neno atakalolisema kesho yake darasani: kaeni, fungueni ukurasa wa thelathini, wewe wa dirishani soma. Hata mzaha aliuandika, na pembeni akaweka alama ya mahali pa kucheka. Kiingereza chake cha karatasi kilikuwa safi, chuoni alifaulu vizuri na cheti anacho. Kiingereza cha mdomoni kilikuwa habari nyingine kabisa. Mtu akimwuliza kitu asichokitarajia kwa lugha hiyo, koo lilifunga, viganja vililowa, na mtu mzima mwenye mshahara wa serikali akageuka kuwa msichana wa kidato cha kwanza.

Usimcheke. Shuleni alikosoma yeye kulikuwa na kibao, kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba, nacho kilivishwa shingoni mwa yeyote aliyesikika akisema Kiswahili. Ukikivaa unakivaa mpaka umnase mwenzako umvishe yeye, na yule anayekutwa nacho kengele ya mwisho inapogonga anachapwa. Dativa alikivaa siku tisa mfululizo kwa sababu hakuwa na moyo wa kumnasa mtu. Siku ya kumi aligundua dawa yake, ambayo ni kutosema kitu chochote, kwa lugha yoyote. Dawa hiyo ilimtibu vizuri mno, ndiyo maana mpaka leo alikuwa akiinywa.

Sasa, shule aliyopangiwa nayo ilikuwa na kibao. Kilining'inia ofisini kwa Mkuu Fulgence, kwenye msumari mmoja na fimbo. Januari ile Dativa alijikaza, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa."

Alikaa, akamwomba kibao na fimbo visiingie tena Kidato cha Pili B. Mkuu Fulgence hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa matokeo, na matokeo ya Kiingereza ya shule yake yalikuwa yakimkosesha usingizi.

"Mwalimu Dativa, mimi nimefundisha miaka ishirini na mbili. Hawa watoto bila kuogopa kitu hawasemi."

"Watasema, mkuu. Naomba unipe mpaka wadhibiti ubora waje mwezi wa sita. Watawakuta wanasema Kiingereza."

"Na wasiposema?"

Hapo angeweza kujibu jibu lolote la kiofisi. Lakini mtu mwoga akishaamua kuwa shujaa huwa hana kipimo.

"Wasiposema, kibao nitawavisha kwa mikono yangu mwenyewe."

Mkuu alimtazama, akaandika jambo hilo kwenye shajara yake, akapiga mstari chini, na kesho yake akawatangazia watoto mapatano hayo mstarini. Kuanzia siku hiyo Dativa hakulala vizuri. Kila alipowatazama watoto wale aliona shingo zao.

Alijaribu kila alichojifunza chuoni na alichosoma kwenye simu. Alileta peremende kwa atakayejibu. Wakazila peremende siku alipochoka akazigawa bure. Aliwafundisha wimbo wa Kiingereza, wakauimba vizuri kuliko kwaya, na wimbo ulipokwisha wakanyamaza. Aliwagawa kwenye makundi ya watu watano wajadiliane, wakajadiliana kweli, kwa Kiswahili, chinichini, habari za mpira. Luciana, msichana wa dawati la mbele mwenye mwandiko wa kupendeza, alikuwa akimtazama kwa macho ya huruma ambayo Dativa hakuyaelewa. Alidhani anamwona mwalimu asiyefaa.

Mwezi wa tano ulipoingia, mpunga bondeni ukaanza kutia maziwa, na kwelea kwelea si ndege wa kusubiri. Huja kwa maelfu, wakitua shambani asubuhi mchana unavuna makapi. Kwa hiyo familia zilihama nyumba za kijijini, zikaenda kukaa madunguni, vile vibanda vya miti vyenye miguu mirefu vinavyosimama katikati ya mashamba, watu waamie ndege, yaani wawafukuze, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Na kuamia ndege kunataka koo changa na mikono myepesi. Jumatatu moja Dativa aliingia darasani akakuta watoto kumi na wanne. Mkuu alisema ni utoro. Wazazi walisema ni chakula cha mwaka mzima, na kusema kweli wote walikuwa sahihi.

Wadhibiti ubora walikuwa wametangaza kuja Alhamisi ya wiki ya pili ya Juni. Dativa alihesabu siku, maji yakazidi unga. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo alilitia daftari lake la bluu kwenye mfuko wa nailoni, akaandamana na mama yake Luciana, aliyekuwa amekuja kijijini kununua chumvi. Nia yake ilikuwa kuwaomba wazazi, dungu kwa dungu, wawarudishe watoto.

Walitembea juu ya matuta, halafu wakapanda mtumbwi mahali ambapo mto ulikuwa umesahau mipaka yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde zima, mzito, mweupe, na kila kitu kilikuwa kikielea ndani yake bila haraka. Milima ya Udzungwa ilikuwa imefutika. Ncha za mpunga zilitokea, zikapita, zikatoweka. Mama Luciana alisukuma upondo, maji yakanong'ona chini ya mtumbwi, na Dativa akaanza kuhisi kwamba ameshatoka kwenye dunia ya madaftari na hajui amefika wapi. Hakuogopa. Ndicho kilichomshangaza.

Kisha akasikia sauti. Ilitoka juu, kushoto, nyembamba na ndefu.

"Luciana eee! Kwenu wamepitaaa?"

"Wamepitaaa! Wanaelekea kwa kina Mayungaaa!"

"Mwambie Mayunga aamkeee!"

Na sauti nyingine mbali zaidi ikaupokea ujumbe, ikaupeleka mbele neno kwa neno, "Mwambie Mayunga aamkeee," na nyingine ikaupokea tena, mpaka ukaishia huko ambako sikio halifiki. Baada ya muda jibu likarudi kwa njia ile ile, likipita mdomo hadi mdomo juu ya mpunga, kwamba Mayunga yuko macho na anayesema amelala aje aone.

Dativa alikaa kwenye mtumbwi mdomo wazi. Hao walikuwa wanafunzi wake. Wale mabubu.

"Ndiyo wanavyoshinda hivi, mwalimu," mama Luciana alisema. "Dungu na dungu ni mbali, kwa hiyo neno linapokewa. Ukilipata unalipeleka kama lilivyo."

"Na mtu asipojibu?"

"Tunamrudishia. Huku mtu akinyamaza hatusemi hajui. Tunasema upepo umechukua. Unamwambia tena, mpaka alipate."

Walifika. Luciana alimwona mwalimu wake akipanda ngazi ya dungu kwa magoti, sketi ya ofisini imelowa hadi kiunoni, akashika mdomo.

"Shikamoo madam! Jamani, madam! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nimewafuata."

Walimpa perege wa kuchoma na ugali wa asubuhi, wakamkalisha kwenye mkeka. Dativa akafungua mfuko wa nailoni. Alikuwa ameandika hotuba ya wazazi, kurasa mbili. Lakini mama alikuwa ameshashuka kuchochea moto, na Luciana alikuwa ameshateremka na kombeo lake kwenda ukingo wa pili wa shamba. Mwalimu akabaki peke yake angani, ameshikilia kamba ndefu zilizofungwa makopo kila upande wa shamba.

Ndege wakaja. Kwanza ilikuwa ni sauti, kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo, halafu ukungu wenyewe ukageuka mweusi upande wa mtoni. Dativa alivuta kamba zote kwa mpigo, makopo yakalia, na yeye akapiga ukelele. Ukelele ulimtoka kwa Kiingereza. Kwa nini kwa Kiingereza, hakuweza kamwe kueleza. Labda kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwona. Alipaza sauti kwamba ndege wanakuja, ni wengi, wanatoka mtoni, jamani fanyeni haraka. Sentensi nne, hakuna hata moja iliyokuwa kwenye daftari.

Makopo yakaacha kuyumba.

Halafu kutoka ndani ya ukungu, upande wa kulia, sauti ya Clinton ikazipokea sentensi zile, kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, ikazipeleka mbele. Akazipokea mwingine. Zikasikika tena mbali kabisa, kwa Mayunga, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma ambaye darasani hajawahi kutamka hata jina la mji, na huko zilifika zimenyooka kuliko zilivyotoka, maana pale Dativa alipoteleza kwa woga kila aliyepokea alikuwa amerekebisha kidogo. Madebe yakaanza kugongwa bonde zima. Wingu la ndege likapanda, likajikunja, likaondoka.

Kisha, kwa njia ile ile, swali likarudi kwa Kiingereza.

"Nani anayesema?"

Dativa alishika nguzo ya dungu kwa mikono miwili. "Ni mimi!" akajibu kwa Kiingereza. "Mwalimu wenu!"

Neno likaenda. Akalisikia likipita, mwalimu wetu, mwalimu wetu, likififia. Na lilipofika mwisho wa bonde kukazuka kicheko ambacho nacho kilipokewa dungu kwa dungu mpaka kikamfikia, na kilikuwa kicheko kizuri. Hotuba ya kurasa mbili aliisahau. Alipoikumbuka jioni, mama Luciana alikuwa ameshaitumia kuwashia moto, na wala hakumwomba radhi.

Kuanzia hapo kila Jumamosi na Jumapili alikwenda bondeni, na wale kumi na wanne waliobaki kijijini akawachukua. Waliulizana kwa Kiingereza nani anapika nini. Walitangaza kwamba kiboko amepita usiku akaacha unyayo mkubwa kama beseni. Clinton aliigiza taarifa ya habari, akatangaza vita kati ya taifa la kwelea na taifa la Mofu, na taarifa ikapita juu ya mpunga ikiongezwa chumvi kila dungu. Mtu akikwama hakuchekwa. Alirudishiwa, polepole, mara mbili, mara tatu. Kuna asubuhi Dativa alilala chali kwenye mkeka, macho ameyafumba, akawasikiliza watoto wake wakiongea ndani ya weupe ule bila miili, sauti tupu zinazotembea, na akaona kwamba lugha ile aliyoiogopa miaka yote ilikuwa na utamu. Alitamani ukungu usiondoke. Lakini saa nne ikifika jua huwa haliulizi mtu.

Juni mpunga ukakauka, mavuno yakaanza, ndege wakakosa kazi. Watoto wakarudi shuleni, wote arobaini na mmoja, Jumatano, siku nane kabla ya wadhibiti. Dativa aliingia darasani karibu anakimbia. Akawasalimu, wakaitikia, wakakaa. Akauliza swali rahisi, la habari za mavuno.

Kimya.

Aliwatazama Clinton, Mayunga, Luciana. Wakainamisha vichwa. Kuta zilikuwa zilezile, nyuso ziko jirani, kila mtu anamwona mwenzake meno. Naye mwenyewe, ninamsema kwa upendo, mkono wake ulikuwa umeshalifungua daftari la bluu bila kuagizwa.

Alitoka nje akasimama nyuma ya choo cha walimu akalia. Alipomaliza akanawa uso, akarudi, akawaamuru wote watoke. Aliwatawanya kwenye uwanja wa mpira, hatua thelathini kati ya mtu na mtu, kama madungu yasiyo na paa. Akaenda kusimama golini, akapaza sauti. Wakapokea. Uwanja ukafufuka.

Mkuu Fulgence alichungulia dirishani. "Mwalimu Dativa! Hii ni shule au mnada?"

"Ni somo, mkuu."

"Wadhibiti wakikuta hivi nitasema nini?"

"Watakuta tumeshaingia ndani."

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Alhamisi hatua thelathini na Ijumaa ishirini na tano. Jumatatu alizifanya kumi na tano. Kila siku angewasogeza kidogo, bila wao kushtuka, mpaka siku ya wadhibiti wawe wamekaa kwenye madawati na bado midomo iko wazi. Kwa mahesabu hayo zilibaki siku mbili.

Wadhibiti wakaja Jumanne.

Mwanamke mmoja tu, mfupi, mwenye ushungi wa kahawia na jalada kwapani, aliyejitambulisha kwa jina la Bi Hajira na kusema wenzake wamebaki shule ya jirani. Ratiba ilikuwa imebadilishwa. Ilikuwa mapema, ukungu haujainuka vizuri, na alichokiona kwanza ni watoto arobaini na mmoja wamesimama mbalimbali kwenye majani yenye umande, wakipigiana kelele za Kiingereza kuhusu bei ya debe la mpunga. Alikuja moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja, viatu vimelowa. Mkuu Fulgence alimfuata nyuma, uso umemshuka.

"Huyu ndiye mwalimu niliyekuwa nakueleza," mkuu alisema. "Aliwafuata mpaka mashambani. Ndiyo wamerudi na tabia hii."

Bi Hajira aliinua mkono, akawaita watoto wote wasogee. Wakaja, wakafanya duara, wakabanana bega kwa bega, na kadiri walivyosogea ndivyo sauti zilivyokufa. Dativa alizisikia zikifa. Alipowatazama sasa aliziona shingo zao tena, zote arobaini na moja, na mikono yake ikawa baridi kama vile kamba ya kibao imo ndani yake.

Mgeni aliwapitisha macho watoto. Halafu, badala ya kumwuliza mtoto, akamgeukia mwalimu. Akamwuliza kwa Kiingereza, kwa upole, kwa nini alikwenda kuwafundisha huko mashambani.

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Halikuwa kwenye daftari.

Koo likafunga. Dativa alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mkuu Fulgence alikohoa mara ya kwanza, akakohoa mara ya pili. Bi Hajira alisubiri, kalamu mkononi, na kadiri alivyosubiri ndivyo duara lilivyoonekana kupungua. Mwalimu wa Kiingereza, mbele ya wanafunzi wake wote, hakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Alitamani ardhi ya Mofu, yenye maji kila mahali, immeze wakati huo huo.

Ndipo Luciana aliposema. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, lakini alipaza sauti kama yuko ng'ambo ya shamba.

"Madam!" alisema kwa Kiingereza. "Anauliza, kwa nini ulikuja kwetu?"

Clinton, pembeni yake, akalipokea kwa Kiingereza. "Anauliza, kwa nini ulikuja kwetu?" Akafuata wa tatu, na wa nne, na swali likaanza kuzunguka duara, mtu kwa mtu, kila mmoja akilipeleka kama lilivyo. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeharakisha. Mkuu alifungua mdomo kuwanyamazisha, Bi Hajira akamzuia kwa kidole. Swali lilipita kwa watoto arobaini na mmoja, bega kwa bega, meno kwa meno, na lilipomfikia Dativa tena kutoka upande wa pili alikuwa ameshapata pumzi.

"Kwa sababu niliahidi kwamba watasema, nikashindwa," alijibu kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa yake. "Na kwa sababu naogopa. Lugha hii ninayoifundisha inanitisha. Kila ninachosema darasani ninakiandika nyumbani kwanza. Kule bondeni hakukuwa na wa kuniona, ndiyo nikaweza kuongea nao. Si kosa lao kunyamaza. Wamejifunza kwangu."

Aliteleza mahali pawili akisema hayo. Aliliona hilo, akaendelea. Alipomaliza hakumtazama mkuu. Alijua ameshajivua nguo zote mbele ya wakubwa wake wa kazi, na lililobaki waamue wao.

Bi Hajira alifunga jalada lake. Akawageukia watoto, akawauliza kwa Kiingereza.

"Ninyi mlikuwa mnajua kwamba mwalimu wenu anaogopa?"

Aliyejibu alikuwa Mayunga, polepole, akipanga kila neno kwa uangalifu.

"Ndiyo. Tunajua tangu Januari."

Dativa aligeuka kama amepigwa.

"Mlijuaje?" Bi Hajira akauliza.

"Wiki ya kwanza Clinton alinyoosha mkono aulize swali," Mayunga alisema. "Mwalimu akadondosha chaki. Akaangalia kwenye daftari lake, akafunua karatasi, akafunua nyingine. Mikono ilikuwa inatetemeka. Clinton akashusha mkono, akasema amesahau swali. Mapumziko tukakaa tukakubaliana. Mtu asiulize."

"Darasa zima?"

"Darasa zima."

"Kwa nini?"

Hapo Luciana akajibu. Hakupaza sauti safari hii.

"Kwa sababu maswali yetu hayakuwa kwenye daftari lake," alisema. "Na sisi tunampenda. Yeye ndiye aliyetuondolea kibao. Hatukutaka aaibike mbele yetu."

Miezi minne. Miezi minne Dativa alikuwa amekwenda nyumbani na kile kimya, amekiweka mezani, amelia juu yake, amekipiga vita kwa peremende na nyimbo na makundi ya watu watano. Alikiita uzembe. Siku nyingine alikiita dharau. Na muda wote huo watoto arobaini na mmoja, wa miaka kumi na tano na kumi na sita, umri ambao mtu hawezi kutunza hata siri ya nani anampenda nani, walikuwa wamekaa kimya kwa ajili yake, kipindi baada ya kipindi, wakijua kwamba kimya hicho kinaweza kuwarudishia mbao shingoni. Alihisi kitu kimevunjika kifuani, na hakikuuma. Aliketi kwenye majani yaliyolowa na sketi yake ya ofisini, akaweka mikono usoni. Alikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na hakujua ipi ni kubwa.

Mkuu Fulgence alikuwa akitazama vidole vya viatu vyake. Kidato cha Pili B kilikuwa kimesema Kiingereza mbele ya mdhibiti ubora, bila fimbo, na lililosemwa lilikuwa jambo ambalo yeye, kwa miaka yake ishirini na mbili, hakuwahi kulisikia kwa lugha yoyote. Aliondoka polepole kuelekea ofisini, na hakumwita mtu.

Ukungu ulikuwa ukiinuka kutoka uwanjani. Clinton akapiga hatua moja ndani ya duara, akanyoosha mkono, akamwuliza mwalimu wake kwa Kiingereza, kwa sauti yake mwenyewe bila kumwigiza mtu.

"Madam, sasa tunaweza kuuliza?"

Dativa aliinua kichwa. Alijibu ndiyo, na mikono ikanyooshwa duara zima, mingi kuliko alivyoweza kuihesabu, mingine miwili miwili. Akamchagua Mayunga, asijue kabisa atakachoulizwa.